Jinsi ya Kufuatilia Gazeti la Mji wa Marekani na Kulisoma kwa Usahihi

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, Marekani haikuwa na gazeti la habari za jumla lililosomwa nchi nzima. USA Today lilianza mwaka 1982, na kabla ya hapo Mmarekani wa kawaida alipata habari zake kutoka gazeti la mji wake, lililoandikwa na kuchapwa karibu na mahakama, soko na kituo cha reli anachokijua. Kwa sababu hiyo, anayetafuta habari za nchi hiyo, awe mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya safari za Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari anayechunguza chimbuko la ubaguzi katika mji fulani, au mzazi aliyehamia Missouri kutoka Kivu na anayetaka kujua mtaa wake mpya ulianzaje, mwishowe hana budi kuingia katika magazeti ya miji. Nakala zipo, nyingi ni za bure, na mtu aliye Arusha au Muscat anaweza kuzisoma kwa simu yake ya mkononi.

Kinachowaponza wengi si uhaba wa nakala. Wananukuu gazeti wasilojua ni la nani. Gazeti la mji wa Marekani lina ukoo: limezaliwa na mtu fulani kwa ajili ya chama fulani, limeoa, limeachana, limemezwa na hasimu wake, na mara nyingi jina lililobaki juu ya ukurasa wa mbele halilingani tena na tabia yake. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, kuanzia swali lako hadi maelezo ya chanzo utakayoyaandika chini ya ukurasa, na karibu kila mfano unatoka mji mmoja, St. Louis, ulioko kando ya mto Mississippi. Nimeuchagua kwa sababu historia ya magazeti yake ni ndefu na yenye vituko vya kutosha kumfunza mtafiti tahadhari, na pia kwa sababu Stanley mwenyewe aliandikia gazeti moja la huko mwaka 1867, miaka minne kabla ya kuondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone.

Hatua ya kwanza: andika swali lenye mahali na tarehe

Usifungue hifadhidata yoyote kabla hujaandika sentensi moja yenye jina la mji, miaka unayoitafuta na watu au tukio unalolifuatilia. "Historia ya watu weusi St. Louis" ni mada, na mada haitafutiki. "Magazeti ya St. Louis yaliripoti vipi mauaji ya East St. Louis ya Julai 1917" ni swali, kwa sababu linakuambia mara moja ni majuma gani uyasome na ni magazeti gani yalikuwa hai wakati huo. Kama hujui tarehe, itafute kwanza katika kitabu au ensaiklopidia. Gazeti halikusaidii kupata tarehe kwa urahisi, kwa kuwa wahariri wa zamani hawakuandika kwa ajili yetu na waliona ni jambo la kawaida kusema "jana" au "Jumanne iliyopita."

Hatua ya pili: chora ukoo wa gazeti

Hapa ndipo muda wako utumike zaidi. Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, ina orodha ya magazeti yote yanayojulikana kuchapishwa nchini humo tangu mwaka 1690, yenye majina zaidi ya 140,000. Orodha hiyo ilitokana na mradi mkubwa wa kitaifa ulioanza mwaka 1982, ambao uliwatuma wakutubi wa kila jimbo kuorodhesha magazeti yaliyokuwa yamelala katika maktaba, mahakama na maghala ya wachapishaji, na kuyapiga picha kwenye mikrofilamu. Ingia kwenye tovuti ya maktaba hiyo, tafuta kwa mji, na ufungue ukurasa wa kila jina. Utaona mwaka wa kuanza, mwaka wa kufa, lugha, na kitu muhimu kuliko vyote: majina yaliyotangulia na majina yaliyofuata. Nakili pia namba ya utambulisho ya maktaba hiyo, kwa sababu magazeti ya Marekani yamerudia majina yale yale ya Gazette, Times, Star na Journal katika mamia ya miji, na namba hiyo pekee ndiyo itakayokuhakikishia kwamba hujachanganya.

Chukua karatasi, uchore mistari. Kwa St. Louis, mstari wa kwanza unaanza na Missouri Gazette, lililoanzishwa na Joseph Charless Julai 1808, gazeti la kwanza magharibi ya mto Mississippi. Liliitwa Louisiana Gazette kwa miaka michache, likarudia jina la awali, kisha mwaka 1822 likawa Missouri Republican. Mwaka 1888 likabadilishwa kuwa St. Louis Republic, na mwaka 1919 likanunuliwa na hasimu wake wa asubuhi, Globe-Democrat. Mstari wa pili ni wa Missouri Democrat, lililozaliwa katika miaka ya 1850. Mmoja wa wamiliki wake, William McKee, alitengana na wenzake na kuanzisha Globe mwaka 1872. Miaka mitatu baadaye akalinunua gazeti alilolihama, akayaunganisha, na hivyo likapatikana St. Louis Globe-Democrat, lililoishi hadi mwaka 1986. Mstari wa tatu unaanza tarehe 9 Desemba 1878, ambapo mhamiaji kutoka Hungary, Joseph Pulitzer, alinunua gazeti lililofilisika la Dispatch kwenye mnada kwa dola 2,500, na baada ya siku chache akaliunganisha na Post la John Dillon. St. Louis Post-Dispatch bado linatoka hadi leo. Kuna pia Star na Times, yaliyoungana mwaka 1932 na kununuliwa na Post-Dispatch mwaka 1951.

Ukiutazama mchoro huo, utagundua kwamba mji uliokuwa na magazeti mengi ya kila siku ulibaki na moja tu kuanzia mwaka 1986. Mwaka 1989 mchapishaji Ralph Ingersoll alijaribu kuleta jipya, St. Louis Sun, likadumu miezi saba. Mchoro kama huu utaukuta karibu kila mji mkubwa. Atlanta Journal-Constitution ni magazeti mawili, moja la 1868 na jingine la 1883. Times-Picayune la New Orleans lina ndani yake Picayune la 1837, lililopewa jina la sarafu ndogo ya Kihispania iliyokuwa bei ya nakala moja. Kistari cha kati katika jina la gazeti la Marekani karibu kila mara ni kovu la muungano.

Angalizo moja kabla ya kuendelea: gazeti likidai juu ya ukurasa wake kwamba lina umri wa miaka 150, angalia umri huo unahesabiwa kutoka kwa babu yupi. Namba ya juzuu iliyochapwa chini ya jina ndiyo ushahidi. Magazeti yaliyoungana huchagua kurithi hesabu ya yule aliye mkongwe zaidi, hata kama ndiye aliyemezwa.

Hatua ya tatu: jua mwenye gazeti na chama chake

Katika karne ya 19 gazeti la Marekani lilikuwa chombo cha chama waziwazi, na mhariri asingeona aibu kukiri. Ndiyo maana majina ya Republican na Democrat yametapakaa nchini kote. Hata hivyo, usiliamini jina. Huko St. Louis, Missouri Republican lilikuwa gazeti la upande wa chama cha Democratic, na Missouri Democrat lilikuwa gazeti la chama cha Republican. Jambo hili linaonekana kama mzaha mpaka ujue sababu yake. Missouri Republican lilipata jina hilo zaidi ya miaka thelathini kabla chama cha Republican cha sasa hakijaanzishwa. Lilisimama na chama cha Whig, na chama hicho kilipokufa katika miaka ya 1850 likahamia kwa Democratic. Missouri Democrat nalo lilianzishwa na wanasiasa wa Democratic waliopinga kuenezwa kwa utumwa, na wanasiasa hao ndio walioingia Republican na gazeti lao mkononi. Barua ambazo Stanley aliandika mwaka 1867 kutoka nyika za Kansas, kuhusu jeshi la Jenerali Hancock na mikataba na mataifa ya wenyeji, zilitoka katika gazeti hilo. Mtafiti anayeziita maoni ya chama cha Democratic atakuwa ameanguka kwenye sentensi yake ya kwanza.

Mwenye gazeti ana maslahi yake pia, mbali na chama. Mwaka 1875 ilifichuliwa kwamba watengenezaji wa wiski wa St. Louis walikuwa wakishirikiana na maofisa wa serikali kukwepa kodi. George Fishback, mmoja wa wamiliki wa Democrat waliokuwa wametengana na McKee, alikuwa miongoni mwa walioisaidia Wizara ya Fedha kuufichua mtandao huo. McKee alishtakiwa, akatiwa hatiani mwaka 1876, kisha akasamehewa na Rais Ulysses Grant. Hebu fikiria sasa unasoma Globe-Democrat la miezi hiyo bila kujua kwamba mwenye gazeti ndiye mshtakiwa.

Kwa magazeti ya baada ya mwaka 1912 kuna njia ya mkato nzuri sana, ambayo nashangaa ni wachache wanaoitumia. Sheria ya Bunge ya Agosti mwaka huo ililazimisha magazeti yanayosafirishwa kwa nauli nafuu ya posta yachapishe, kwa kiapo, majina ya mhariri, mchapishaji, wamiliki na wadai wakubwa, na kwa magazeti ya kila siku, wastani wa nakala zinazouzwa. Tangazo hilo hutokea hasa majuma ya mwanzo ya Oktoba, katika herufi ndogo kwenye kurasa za ndani. Tafuta maneno "statement of the ownership" katika matoleo ya Oktoba na utapata kwa dakika kumi kile ambacho vitabu vya historia vinakizungusha. Kwa miaka ya kabla ya hapo, tumia vitabu vya mwaka vya mawakala wa matangazo, George P. Rowell kuanzia 1869 na N. W. Ayer kuanzia 1880, vilivyoorodhesha magazeti kwa mji pamoja na chama, siku za kutoka, bei na makadirio ya nakala. Vingi vimewekwa mtandaoni bure. Makadirio ya nakala humo yatazame kwa jicho kali, kwa kuwa wenye magazeti walijipigia debe ili wapate matangazo.

Hatua ya nne: tafuta nakala zilipo

Anza na makusanyo ya bure. La kwanza ni Chronicling America la Maktaba ya Bunge, lenye kurasa zaidi ya milioni 20 za magazeti ya majimbo yote, hadi mwaka 1963. Sehemu ya matoleo ya St. Louis Republic imo, na New York Herald la enzi za Stanley limo. Baada ya hapo nenda kwenye mkusanyo wa jimbo lenyewe, kwa sababu majimbo mengi yana kurasa ambazo Washington haina. California ina mkusanyo wake unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha California huko Riverside, Colorado ina wa maktaba ya jimbo, Texas ina wa Chuo Kikuu cha North Texas, na Minnesota ina wa chama chake cha historia. Kwa Missouri, mlango ni State Historical Society of Missouri, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1898 na wenye magazeti wenyewe kupitia chama chao. Magazeti hayo ndiyo yaliyokuwa mali yake ya kwanza, na mengi yanasomwa bure mtandaoni.

Magazeti makubwa ya mijini ya karne ya 20, kama Post-Dispatch, mara nyingi yako katika makusanyo ya kulipia, mfano Newspapers.com au ProQuest. Kabla hujatoa fedha, uliza mambo mawili. Je, chuo chako kina usajili? Na je, una ndugu au rafiki anayeishi katika mji husika mwenye kadi ya maktaba ya umma? Maktaba nyingi za miji ya Marekani huwapa wakazi wake ruhusa ya kuingia katika hifadhidata hizo wakiwa nyumbani bila malipo, na kadi yenyewe ni ya bure kwa mkazi. Mhamiaji mgeni anayeishi St. Louis au Dayton ana haki hiyo sawa na aliyezaliwa hapo.

Kisichopo mtandaoni kipo kwenye mikrofilamu. Mwandikie mkutubi wa jimbo barua pepe fupi yenye jina kamili la gazeti, namba yake ya utambulisho, tarehe na mada. Wengi hujibu, na baadhi hukutumia picha ya ukurasa kwa ada ndogo. Usiandike "naomba kila kitu kuhusu." Mkutubi akipata tarehe, anakwenda moja kwa moja kwenye mkanda wa filamu. Fahamu pia kwamba mikrofilamu nyingi ni nyeusi na nyeupe, hivyo vikaragosi vya rangi vya Jumapili na michoro ya matangazo hupoteza uso wake, na kwamba kilichopigwa picha kwa kawaida ni toleo moja tu kati ya kadhaa ya siku hiyo.

Gazeti lililokufa huacha pia faili zake: vipande vilivyokatwa na kupangwa kwa majina ya watu, pamoja na picha ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Faili za Globe-Democrat ziko St. Louis Mercantile Library, ndani ya Chuo Kikuu cha Missouri cha St. Louis. Rocky Mountain News la Denver, lililozaliwa Aprili 1859 na kufungwa tarehe 27 Februari 2009, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 150, kumbukumbu zake zilikwenda maktaba ya umma ya Denver. Kwa anayetafuta picha za mtu au mtaa, faili hizi zina thamani kuliko gazeti lenyewe.

Hatua ya tano: tafuta kama mtu wa wakati ule

Kompyuta inayosoma picha za kurasa za zamani hukosea sana. Wino uliofifia, safu zilizobanana na maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari huigeuza herufi moja kuwa nyingine, na jina unalolitafuta linaweza kuwa limo ukurasani bila kuonekana katika matokeo. Dawa ni kutafuta maneno mawili au matatu yaliyo karibu karibu badala ya jina moja, kupunguza kipindi hadi majuma machache, na ikibidi kupitia kurasa kwa macho siku baada ya siku. Kazi hii ya macho inachosha, lakini ndiyo inayozaa matunda. Utafutaji wa maneno hukupa ulichokijua tayari, ilhali kupekua kurasa hukuonyesha tangazo la mkutano wa kanisa lililo kando ya habari yako.

Tumia msamiati wa enzi hiyo, hata unapoudhi. Magazeti ya wazungu ya mwaka 1917 hayakuandika "Black" kwa maana ya leo; yaliandika "negro" au "colored," mara nyingi kwa herufi ndogo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa "the European war." Mwanamke aliyeolewa alitajwa kwa jina la mumewe, hivyo ukimtafuta bibi fulani kwa jina lake mwenyewe huenda usimpate kamwe.

Kwa zoezi la kwanza, msomaji wa Kiswahili hana bora kuliko hili. Fungua New York Herald la mwaka 1872 na utafute "Zanzibar" pamoja na "Livingstone," kisha "Ujiji," kisha "Unyanyembe." James Gordon Bennett mdogo, mwenye gazeti hilo, ndiye aliyemtuma na kumlipia Stanley safari yote. Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, lakini wasomaji wa New York walipata habari kamili katikati ya mwaka uliofuata. Linganisha tarehe iliyoandikwa juu ya kila barua na tarehe ya gazeti, na utaona jinsi habari ilivyosafiri kwa miguu ya wapagazi hadi pwani, kisha kwa meli, kisha kwa waya. Zingatia vilevile namna majina ya mahali yalivyoandikwa kwa kubahatisha. Jaribu kila tahajia unayoweza kuifikiria.

Hatua ya sita: usome ukurasa mzima, na ujue umechapwa saa ngapi

Habari ikishapatikana, usiikate peke yake. Iangalie ilivyokaa: ukurasa wa ngapi, safu ya ngapi, chini ya kichwa kikubwa au ndani ya mistari minne ya herufi ndogo. Magazeti mengi ya katikati ya karne ya 19 yalijaza ukurasa wa kwanza kwa matangazo, kwa hiyo habari kuwekwa ukurasa wa pili haikuwa dharau.

Jiulize habari ilifikaje. Kabla ya telegrafu kufika ukingo wa Mississippi mwishoni mwa mwaka 1847, mhariri wa St. Louis alitegemea mkasi. Sheria ya Posta ya mwaka 1792 iliruhusu wahariri wabadilishane magazeti yao bure, na kwa msomaji wa kawaida iliweka nauli ya senti moja hadi maili 100 na senti moja na nusu zaidi ya hapo, wakati barua ilitozwa kuanzia senti 6 hadi 25. Serikali, kwa maneno mengine, ililipia kuenea kwa magazeti, na nadhani hakuna sheria nyingine iliyoyajenga magazeti ya miji midogo kuliko hiyo. Matokeo yake kwa mtafiti ni kwamba habari moja iliyotokea katika magazeti 20 huenda ni sauti ya mtu mmoja iliyonakiliwa mara 20. Usiihesabu kama mashahidi 20.

Mtego wa aina hiyo upo pia katika magazeti madogo ya baada ya miaka ya 1860. Ansel Kellogg, mchapishaji kutoka Wisconsin aliyehamia Chicago, alianzisha biashara ya kuwauzia wahariri wa vijijini karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja hadithi, mapishi, habari za dunia na matangazo ya dawa. Mhariri alijaza upande wa pili kwa habari za kwake. Mamia ya miji yalisoma kurasa zile zile za ndani. Ukitaka kujua watu wa mji mdogo waliwaza nini, hakikisha kwanza kwamba ukurasa ulioushika uliandikwa hapo.

Tena kuna suala la saa. Globe-Democrat lilitoka asubuhi, Post-Dispatch lilikuwa la jioni kwa zaidi ya karne moja. Tukio la saa nane mchana Jumanne liliweza kuwamo katika Post-Dispatch la siku hiyo hiyo, likiwa nusu nusu na lenye makosa, na katika Globe-Democrat la Jumatano likiwa limetulia. Hakuna aliyedanganya hapo. Mfano maarufu kuliko yote umeunganisha miji miwili: usiku wa uchaguzi wa mwaka 1948, Chicago Tribune, likibanwa na mgomo wa wachapaji uliolilazimisha kufunga kurasa mapema, lilitoa toleo la kwanza lililosema mgombea Thomas Dewey amemshinda Rais Harry Truman, ilhali Truman ndiye aliyeshinda. Matoleo ya baadaye usiku huo yalirekebishwa. Picha ya Truman akilinyanyua gazeti hilo kwa kicheko ilipigwa katika kituo cha reli cha St. Louis, na anayesoma toleo la mwisho pekee kwenye filamu hatakiona kichwa hicho cha habari.

Hatua ya saba: weka gazeti la pili na la tatu kando

Hakuna gazeti la mji lililowahi kuandikia mji wote. Huko St. Louis, Wajerumani walikuwa na Westliche Post tangu mwaka 1857, na ndilo lililompa Pulitzer kazi yake ya kwanza ya uandishi mwaka 1868. Liliishi hadi 1938. Wamarekani weusi walikuwa na St. Louis Argus tangu 1912 na St. Louis American tangu 1928. Kwa hiyo kila utafiti wa mji uwe na angalau gazeti moja la wenye nguvu na moja la waliosukumwa pembeni.

Rudi kwenye Julai 1917. Katika East St. Louis, ng'ambo ya mto upande wa Illinois, makundi ya wazungu yalivamia makazi ya watu weusi, yakachoma nyumba na kuua. Hesabu rasmi ya waliouawa upande wa watu weusi ilikuwa 39, na wengi wakati ule na baadaye waliamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Carlos Hurd, mwandishi mzungu wa Post-Dispatch, alikuwa mitaani na ushuhuda wake wa tarehe 3 Julai haukuficha nani aliyekuwa akiua na nani aliyekuwa akiuawa. Soma huo, kisha usome Argus la wiki hiyo, kisha Chicago Defender, gazeti lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905 na kufikishwa Kusini na wapagazi weusi wa mabehewa ya treni. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi ambaye ofisi ya gazeti lake ilivunjwa na wazungu huko Memphis mwaka 1892, alisafiri hadi East St. Louis kuchukua maelezo ya walionusurika. Ukiyaweka pamoja utaona kwamba tofauti kubwa haiko katika matukio. Iko katika nani anatajwa kwa jina, nani anaachwa kuwa "negro" tu, na kisa kinaanza kusimuliwa kutoka siku gani.

Mashindano ya kibiashara nayo yana manufaa yake. Mwaka 1872, Herald liliposherehekea safari ya Stanley, hasimu wake New York Sun lilichapisha shutuma dhidi yake. Ukisoma Herald peke yake hutajua kwamba kulikuwa na shaka yoyote.

Hatua ya nane: magazeti ya miaka ya karibuni

Ungedhani kwamba kadiri miaka inavyosogea ndivyo kazi inavyokuwa rahisi. Ni kinyume. Familia ya Pulitzer iliuza kampuni yake, pamoja na Post-Dispatch, kwa Lee Enterprises mwaka 2005 kwa dola bilioni 1.46, Gannett na GateHouse ziliungana mwaka 2019, mfuko wa uwekezaji wa Alden ukanunua magazeti ya Tribune mwaka 2021. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza magazeti zaidi ya 3,000, mengi yakiwa ya kila wiki katika miji midogo, na gazeti likifungwa siku hizi tovuti yake inaweza kuzimwa siku hiyo hiyo. Jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kurasa za zamani za tovuti, kabla hujakata tamaa. Kwa miaka ya 1980 na kuendelea, hifadhidata nyingi zina maneno matupu bila picha, matangazo wala mpangilio wa ukurasa, na hata maneno hayo si kamili: mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya New York Times dhidi ya Tasini, kwamba makala za waandishi wa kujitegemea haziwezi kuuzwa katika hifadhidata bila idhini yao, na wachapishaji wengi wakaziondoa. Kama makala unayoikumbuka haionekani, ikague kwenye mikrofilamu.

Hatua ya tisa: rekodi chanzo chako

Andika jina la gazeti kama lilivyokuwa siku hiyo, si kama linavyoitwa leo: la mwaka 1867 ni Missouri Democrat, hata kama katalogi inakupeleka kwa Globe-Democrat. Ongeza mji, tarehe kamili, toleo kama limeandikwa, ukurasa na safu, na mkusanyo ulikolipata. Hifadhi picha ya ukurasa wote na siyo kipande tu. Ukitafsiri nukuu kwa Kiswahili, weka maneno ya asili kwenye daftari lako ili mwingine aweze kuyahakiki. Kuhusu haki, gazeti la Marekani lililochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita liko huru kunakiliwa. Ya baada ya hapo hadi mwaka 1963 mengi yako huru pia kwa sababu wenyewe hawakuhuisha haki zao, lakini hilo lazima lithibitishwe kwa kila gazeti. Na pale ambapo matoleo ya siku fulani hayakupatikana, ziandike tarehe hizo zilizokosekana katika maelezo yako, pamoja na makusanyo uliyoyapekua, ili anayekufuata aanzie pale ulipoishia.